Dawa za zamani za mzio na hatari zake kwa wazee

Familia humleta mzee kliniki ikieleza kwamba kwa siku chache amekuwa haeleweki: mchana anasinzia, usiku anahangaika, na watoto wake anawaita kwa majina ya ndugu waliokwisha kufariki. Wote huamini kuwa ni uzee. Kabla ya kukubali hilo, mhudumu wa afya hana budi kuuliza ni dawa zipi mzee huyo ametumia siku za karibuni. Si mara moja jibu limekuwa vidonge vya klofeniramini, ambavyo wengi huviita Piriton, vilivyonunuliwa duka la dawa ili kutuliza mafua, kuwashwa, au kuleta usingizi.

Zinavyofanya kazi

Klofeniramini, promethazini na difenhidramini ni antihistamini za kizazi cha kwanza, zilizobuniwa katika miaka ya 1940. Huzuia histamini, kemikali ya mwili inayoleta chafya na muwasho. Hata hivyo, dawa hizi hupenya hadi ubongoni, na huzuia pia asetilikolini, kemikali ambayo neva huitumia katika kumbukumbu, kibofu, utumbo, mate na macho. Kwa mzee, ini na figo huondoa dawa polepole zaidi, na ubongo wake huvumilia kwa shida upungufu wa asetilikolini. Ndiyo maana kipimo kisichomdhuru kijana huweza kumwangusha babu yake.

Madhara

Mdomo hukauka, choo hufunga, macho huona ukungu. Mwanamume mwenye tezi dume iliyovimba huweza kuzibwa mkojo kabisa. Mwenye aina fulani ya presha ya macho huweza kupata shambulio la ghafla. Usingizi mzito na kuchanganyikiwa huleta maanguko, na nyonga iliyovunjika uzeeni mara nyingi humnyima mtu uwezo wa kujitegemea. Baya zaidi, madhara hayo hudhaniwa kuwa maradhi mapya, na mzee huongezewa dawa nyingine juu ya ile inayomdhuru.

Mwaka 1991 daktari Mark Beers na wenzake nchini Marekani walichapisha orodha ya dawa zisizowafaa wazee. Toleo la mwaka 2023 bado linashauri antihistamini hizi ziepukwe kwa wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Isitoshe, utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofuatilia wazee 3,434 eneo la Seattle, ulihusisha matumizi makubwa ya muda mrefu ya dawa zinazozuia asetilikolini na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ingawa haukuthibitisha kuwa dawa ndizo chanzo.

La kufanya

Wahudumu wa afya, mwombeni mgonjwa aje na dawa zake zote, zikiwamo za maji za kikohozi na za mafua, kwani nyingi huficha antihistamini hizi. Kwa mzio, loratadini au setirizini hufaa zaidi. Setirizini ipunguzwe iwapo figo ni dhaifu, na bado yaweza kusinzisha kidogo.

Wazee wetu na wanaowatunza, msitumie vidonge hivi kama dawa ya usingizi. Mafua ya kawaida hupona yenyewe. Mzee akichanganyikiwa ghafla, akishindwa kukojoa au akianguka, mpelekeni kituo cha afya mara moja, pamoja na mfuko wa dawa zake. Dawa alizoandikiwa kwa maradhi mengine asiziache bila ushauri wa daktari.