Inzi wa Kondoo Aliyeacha Macho

Mkulima, siku utakapokata sufu ya kondoo wako, ifunue kwanza shingoni na ubavuni. Huenda ukamwona mdudu bapa wa rangi ya udongo, mwenye vinyweleo, akikimbilia ndani kujificha. Watu wengi humwita kupe. Hebu hesabu miguu yake. Kupe aliyekomaa ana miguu minane. Huyu ana sita. Si kupe, bali ni inzi. Ni inzi asiye na mabawa, na macho yake ni madogo sana.

Inzi alipataje kuwa hivi? Ukilijua jibu, utajua pia namna ya kumshinda.

Mdudu huyu ana jamaa unayemfahamu, naye ni mbung'o, yule aletaye ugonjwa wa nagana kwa ng'ombe. Wote wawili hunyonya damu. Wote wawili hawatagi mayai kama inzi wa nyumbani. Jike hulea funza mmoja tumboni mpaka akomae, ndipo humzaa. Lakini mbung'o ana macho makubwa, kwa kuwa hana budi kutafuta mnyama wa kunyonya kila baada ya siku chache. Ndiyo sababu mitego yake hushonwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi, rangi zinazomvuta. Mbung'o asiyeona hufa njaa.

Inzi wa kondoo hana shida hiyo. Huzaliwa ndani ya sufu, hula humo, na mtoto wake hugandishwa kwenye sufu hiyo hiyo mpaka aanguke kutoka ganda lake. Akihamia kondoo mwingine, ni kwa sababu kondoo wawili wamesuguana, au mwana-kondoo amelala karibu na mama yake. Humo sufuni ni giza, na chakula kiko miguuni pake. Macho makubwa yatamfaa nini?

Lakini usidhani kwamba macho yalinywea kwa sababu tu hayakutumiwa. Ukiufunga mkono wako mwaka mzima utadhoofika, lakini mtoto wako atazaliwa na mkono mzima. Jambo lilikuwa hivi: katika kila uzao, wadudu hutofautiana kidogo. Kwa mbung'o, mwenye macho mabovu hufa bila kuzaa. Sufuni, mwenye macho mabovu hushiba sawa na mwenziwe. Tena jicho hula: kulijenga na kulitunza hutumia chakula. Mwenye macho madogo huweza kuweka akiba ya kulea watoto, nao watoto humfanana. Ni kama wewe unavyochagua dume la kuzalisha, ila hapa hakuna mchaguzi. Maisha yenyewe ndiyo huchagua, kwa muda mrefu mno. Charles Darwin wa Uingereza alieleza uchaguzi wa namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1859.

Chawa, ambao ni wa ukoo mwingine kabisa, wamefuata njia hiyo hiyo. Chawa wa binadamu bado ana kijicho kila upande wa kichwa. Chawa wanyonyao damu ya mbuzi na ng'ombe hawana macho hata kidogo.

Sasa tazama faida yako. Mdudu aliyeacha mabawa na macho amejifunga kwa mnyama wako. Inzi wa kondoo akianguka chini hawezi kuruka kumtafuta kondoo mwingine, na baada ya siku chache hufa. Hatoki porini kuja kwako. Huletwa na kondoo. Kwa hiyo fanya haya:

1. Kata sufu kabla ya kuogesha, na uiweke mbali na zizi, maana watoto wamegandamana nayo.

2. Ogesha kondoo wote siku moja, wakubwa kwa wadogo. Ukimwacha mmoja, umeacha mbegu.

3. Dawa haiwaui walio ndani ya maganda, na hao huanguka kwa muda wa majuma matatu hivi. Basi rudia baada ya majuma matatu au manne, kama maandishi ya dawa yasemavyo. Kwa chawa, rudia baada ya majuma mawili.

4. Kondoo uliyemnunua sokoni, mtenge na umtibu kwanza, ndipo umchanganye na wengine.

5. Shauriana na jirani yako muogeshe pamoja. Kondoo huweza kusuguana hata penye ua.

Usipofanya hivyo, kondoo watajikuna na kung'ata sufu yao, sufu itaingia madoa ya kinyesi cha mdudu, na ngozi itapata vivimbe vitakavyoshusha bei. Mwulize Bwana Mifugo wa sehemu yako dawa ifaayo na kipimo chake. Mdudu huyu hawezi kuona njia ya kumfikisha kwenye kundi lako. Usimwonyeshe wewe.