Jiko la udongo au jiko la gesi: lipi linafaa nyumba yako?

Mwezi huu tumechagua kuzungumzia jambo la jikoni. Akina baba, msigeuze ukurasa! Pesa ya makala inatoka mfukoni mwa familia nzima, na hewa ya jiko inaingia katika pua za wote, mpaka mtoto mchanga.

Swali tunaloulizwa mara nyingi ni hili: mtu akipata pesa kidogo, anunue mbabula nzuri yenye udongo ndani, au ajifunge kibwebwe anunue jiko la gesi? Jibu letu kwa kifupi: usitazame bei ya jiko peke yake. Tazama jiko linakula nini kila mwezi, na utaliweka wapi. Sasa tuelezane pole pole.

MBABULA YENYE UDONGO

Mbabula ya chuma tupu sote tunaijua. Ni rahisi kununua, lakini ina njaa. Chuma kinapata moto pande zote na joto linapotea hewani. Katika joto lote la makala, hata sehemu moja kati ya tano mara nyingi haifiki kwenye sufuria. Jiko linapasha moto uwanja, si maharagi.

Mbabula yenye udongo ni dada yake mwenye akili. Nje ni bati, ndani ni bakuli la udongo uliochomwa, lenye matundu chini ya kupitisha hewa na majivu. Udongo unashika joto na kulirudisha juu. Jiko la namna hii lilienea katika nchi zetu kutoka Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wataalamu na mafundi wa kule waliangalia jiko la ndoo la Thailand, wakalibadilisha lifae sufuria za kwetu na ugali wetu unaosongwa kwa nguvu. Likitengenezwa vizuri, linapunguza makala kwa theluthi moja, na mara nyingine hadi nusu.

Lakini angalieni, likitengenezwa vizuri! Rangi nzuri ya nje si jiko. Kabla ya kutoa pesa, fanya hivi:

- Gonga udongo kwa kidole. Ukilia kama sahani, umechomwa vizuri. Ukitoa sauti nzito iliyokufa, una ufa au haujaiva.
- Tazama kati ya udongo na bati. Pawe pamejazwa vizuri, udongo usicheze.
- Fungua na funga kamlango ka hewa. Kasipofunga, makala yatakwisha haraka kama kwenye mbabula ya zamani.
- Weka sufuria yako juu yake, uone kama inakaa imara.

Ukifika nyumbani, moto wa kwanza uwe mdogo, udongo ukauke taratibu. Usimwage maji ndani jiko likiwa na moto, utapasuka. Makala yakishika, punguza kamlango. Watu wengi wana jiko zuri lakini wanaacha mlango wazi tangu asubuhi mpaka jioni, halafu wanasema eti jiko ni la uongo.

JIKO LA GESI

Gesi haina majivu, haichafui sufuria, na inawaka hapo hapo. Mama anayetoka sokoni saa moja ya usiku anajua thamani ya uji wa dakika kumi. Zaidi ya nusu ya joto la gesi inaingia kwenye sufuria, na chakula kikiiva unazima, hupotezi kitu. Nani amewahi kuzima makala katikati bila hasara?

Shida ya gesi ni mbili. Ya kwanza ni pesa ya mara moja. Makala unanunua kwa ndoo au kwa kopo, kadiri ulivyopata leo. Gesi haikusubiri: unalipa mtungi, jiko, mpira, na kile kifungio cha juu ya mtungi, kisha unalipa kuujaza wote kwa siku moja. Ya pili ni kuipata. Burundi haina bandari ya bahari wala kiwanda cha kusafisha mafuta, kwa hiyo gesi inatoka mbali. Katika miaka ya 2022 hadi 2025 sote tuliona foleni za mafuta hapa Bujumbura. Gari likikosa mafuta, hata mtungi haufiki. Ndiyo sababu hata wenye gesi hawatupi mbabula yao.

HESABU YA MWEZI

Hapa chukueni kalamu, watoto wa shule wasaidie. Kilo moja ya gesi inafanya kazi karibu sawa na kilo 3 za makala kwenye mbabula yenye udongo, au karibu kilo 5 kwenye mbabula ya chuma tupu. Ni makadirio, lakini yanatosha kuamua.

Tuseme familia ya watu sita inachoma kilo 2 za makala kwa siku kwenye mbabula ya chuma. Kwa mwezi ni kilo 60. Wakihamia kwenye udongo wanaopunguza theluthi moja, watatumia kilo 40. Wakihamia kwenye gesi, watahitaji kilo 12 au 13, yaani mitungi miwili ya kilo 6 na kidogo juu.

Sasa wewe uliza bei za wiki hii katika mtaa wako, maana bei haikai mahali pamoja. Zidisha. Kama kilo moja ya gesi ni ghali kuliko kilo 3 za makala, basi mbabula yenye udongo inakushindia pesa. Kama ni rahisi kuliko hizo kilo 3, gesi inakulipa, hata kama siku ya kununua iliuma. Na mwenye kununua makala kwa kopo apime kopo lake kwenye mizani ya sokoni walau mara moja. Kumbe wengi wetu tunalipa kilo moja kwa bei kubwa kuliko anayenunua gunia! Hapo likirimba linasaidia. Akina mama watano wakichangia gunia moja na kuligawa, kila mmoja anabaki na faranga za sabuni.

Kuna hesabu nyingine isiyo ya pesa. Kwa njia ya kienyeji ya kuchoma makala, kilo 5 mpaka 10 za kuni zinatoa kilo moja tu ya makala. Kila gunia linaloingia Bujumbura limeacha miti mingi kule milimani. Ninyi mlioko kambini mnajua ugomvi wa kuni na wenyeji unavyoanza. Kwa hiyo anayepunguza makala anapunguza na ugomvi.

HATARI AMBAYO HAINA HARUFU

Tunaomba sehemu hii isomwe kwa sauti nyumbani.

Makala yaliyoshika vizuri hayatoi moshi, na hapo ndipo yanapodanganya. Yanatoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, iitwayo kabonimonoksaidi. Mvua ikinyesha usiku, familia inaingiza mbabula chumbani ili ipashe joto au maharagi yaendelee kuiva. Mlango unafungwa, watu wanalala. Wengine hawaamki. Mbabula yenye udongo inapunguza makala, lakini haiondoi sumu hiyo. Jiko zuri linaua sawasawa na baya katika chumba kilichofungwa.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Mtu anafikiri ni malaria. Kama watu wawili watatu wa nyumba moja wanaugua pamoja, na wanapata nafuu wakitoka nje, shuku jiko. Fungua mlango, toa watu wote nje kwanza, kisha kimbieni kwenye kituo cha afya. Mama mja mzito na watoto wadogo wanaumia haraka zaidi.

Gesi nayo ina hatari yake, ila yenyewe inapiga kelele, kwa sababu inawekewa harufu kali makusudi. Ni nzito kuliko hewa, inalala chini sakafuni kama maji. Ukisikia harufu, usiwashe kiberiti, usiguse swichi ya umeme. Funga mtungi, fungua mlango, toa watu. Kutafuta mahali inapovuja tumia povu la sabuni: panapotoa mapovu ndipo. Usitumie moto hata siku moja! Mtungi usimame wima, mbali na mbabula inayowaka. Mpira ukianza kupasuka, badilisha, usifunge na kitambaa.

Na usiibiwe. Juu ya mtungi pameandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Mtungi wa kilo 6 uliojaa lazima uzidi uzito huo kwa kilo 6. Omba upimwe mbele yako, bila aibu.

NA WENYE BROSHETI?

Vijana wengi wanaishi kwa kuchoma brosheti za mbuzi na mukeke jioni. Kwenu ninyi makala bado ni mfalme. Mafuta ya nyama yanadondoka kwenye moto, moshi wake unarudi juu, na ndio mteja anaoufuata kutoka barabarani. Choma ya gesi inaleta moto wa haraka na sawasawa, lakini ni ghali, na harufu ile inapungua. Chomeni nje, makala yawe mekundu yenye majivu meupe kabla ya kuweka nyama, na banda lisifungwe pande zote.

Tuwakumbushe pia ndugu waliokwisha kuhamia Marekani, Kanada au Ulaya, kwa kuwa gazeti hili linawafikia wengine wenu kwa njia ya jamaa. Huko baridi ni kali na madirisha yanafungwa kabisa. Choma ya makala, hata ya gesi, ni ya nje peke yake. Usiiingize ndani ya nyumba wala gereji, na kabla ya kuiwasha kwenye baraza ya ghorofa soma masharti ya nyumba, maana mahali pengi imekatazwa.

WENGINE WALIFANYAJE?

Huko Bangladesh, katika makambi ya Warohingya ya Cox's Bazar, familia zilianza kugawiwa mitungi ya gesi mwaka 2018, baada ya vilima kubaki vitupu kwa kutafuta kuni. Watu waliacha kwenda msituni, na miti ikapata nafasi ya kupandwa tena. Lakini tukumbuke kwamba kule mashirika ndiyo yaliyolipa kujaza mtungi. Mtu wa mjini anayejilipia mwenyewe lazima ajiulize: mwezi wa tatu nitajaza kwa pesa gani?

USHAURI WETU

Kama pesa yako inakuja siku kwa siku, na una uwanja au baraza ya kupikia, anza na mbabula nzuri yenye udongo. Pesa yake inarudi haraka.

Kama mna mshahara au biashara ya mwezi, na chumba chenye dirisha linalofunguka, gesi ya mtungi mdogo ni msaada mkubwa kwa chai, uji na mboga za haraka. Maharagi na sombe muwaachie makala.

Kama huna mahali pa kupikia ila ndani ya chumba cha kulala, usinunue lolote kwanza. Zungumza na mwenye nyumba na majirani mpate kona ya nje yenye paa. Mabati mawili yanaokoa watu kuliko jiko jipya.

Na kwa wote: lowekeni maharagi usiku kucha, funikeni sufuria. Maharagi yakichemka vizuri nusu saa, yatoe motoni, yafunike kwa mablanketi ndani ya kapu kubwa. Yataendelea kuiva bila makala. Ukiyafunua baadaye, yarudishe motoni kidogo tu, yachemke tena kabla ya kupakua.

Kwa leo tunaishia hapa. Pikeni salama, mle mshibe, na usiku mbabula ilale nje. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.