Kabla ya Kutia Saini: Mkataba kwa Lugha Nyepesi kwa Mwandishi na Aliyejiajiri

Mwalimu mstaafu ametumia miaka mitatu kuandika hadithi za watoto. Siku moja anapokea kutoka kwa mchapishaji kurasa sita za Kiingereza cha kisheria, akitakiwa kutia saini ukurasa wa mwisho na kuzirudisha kesho yake. Fundi seremala naye anapigiwa simu atengeneze madawati 40, aanze leo, na fedha ataletewa baadaye. Watu hawa ni wa kubuni, lakini hali yao ni ya kila siku. Mwajiriwa ana ofisi ya utumishi na pengine chama cha wafanyakazi cha kumsemea. Aliyejiajiri anajisemea mwenyewe. Makala haya yanaeleza, kwa lugha ya kawaida, mambo ambayo kila mmoja wao angepaswa kuyafahamu kabla ya kukubali.

Mkataba ni nini?

Kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano huwa mkataba pale yanapofanywa kwa hiari na watu wenye uwezo kisheria, yaani waliotimiza umri wa miaka 18 na wenye akili timamu, kwa malipo au manufaa halali na kwa lengo halali. Sheria hiyo haidai kwamba kila mkataba uwe wa maandishi. Hivyo basi, maneno ya simu kati ya seremala na mteja wake yanaweza kuwa mkataba kamili.

Ugumu hujitokeza pale mmoja anapokana. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ndivyo ilivyo kwa makubaliano ya mdomo. Seremala aliyekosa muda wa kuandaa mkataba anaweza walau kumwandikia mteja ujumbe mfupi wa simu: madawati 40, bei ya kila moja, malipo ya awali, tarehe ya kukabidhi, kisha akasubiri jibu la kukubali kabla ya kununua mbao. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi, kwa hiyo ujumbe huo usifutwe.

Aidha, ifahamike kwamba saini humfunga aliyeitia. Mkataba uliopatikana kwa shuruti au udanganyifu unaweza kubatilishwa, lakini kusema tu "sikuusoma" kwa kawaida hakumwokoi mtu. Kwa sababu hiyo, mwalimu mstaafu ana kila sababu ya kuomba siku chache za kusoma na kuuliza. Anaweza pia kuomba mkataba uandikwe kwa Kiswahili, ambacho tangu mwaka 2021 kimetambuliwa na sheria kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini.

Kuuza haki au kutoa ruhusa

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi ya mwandishi tangu anapoiandika. Usajili katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, si sharti la kupata haki hiyo, ila humsaidia mwandishi kuthibitisha kwamba kazi ni yake endapo utazuka mgogoro. Haki za kiuchumi hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo anachokigusa mwalimu huyu kwa kalamu yake ni mali ambayo wajukuu wake wanaweza kuirithi.

Hapa ndipo penye maneno mawili yanayopaswa kutofautishwa. Kuhamisha haki ni kama kuuza shamba: likishauzwa, muuzaji hana tena neno juu ya mavuno. Kutoa ruhusa ya kutumia haki ni kama kukodisha shamba: mpangaji hulima kwa muda na kwa masharti, kisha shamba hurudi kwa mwenyewe. Mkataba unaosema mwandishi "anahamisha haki zote, kwa namna zote, milele" unachukua pamoja na kitabu tafsiri zake, usomaji wa redioni na filamu itakayotokana nacho. Ule unaosema mchapishaji "anaruhusiwa kuchapisha toleo la Kiswahili kwa miaka mitano" unamwachia mwandishi yote mengine.

Neno la tatu ni mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika mauzo. Asilimia peke yake haitoshi. Ni lazima ijulikane ni asilimia ya nini. Kitabu kikiuzwa dukani kwa shilingi 5,000 na mrabaha ukiwa asilimia 10 ya bei hiyo, nakala 2,000 zitampa mwandishi shilingi 1,000,000. Ikiwa mrabaha ni asilimia 10 ya fedha anayopokea mchapishaji, naye huyauzia maduka kwa shilingi 3,000, nakala zilezile zitampa mwandishi shilingi 600,000. Maneno machache katika mkataba yamebeba shilingi 400,000.

Aliyejiajiri au mwajiriwa?

Wapo wanaoitwa "wakandarasi" au "vibarua wa kujitegemea" ilhali kwa vitendo ni waajiriwa. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, iwapo mojawapo ya mambo haya lipo: namna yake ya kufanya kazi au saa zake zinaongozwa na mwingine, yeye ni sehemu ya taasisi anayoifanyia kazi, amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kiuchumi, anapewa naye vifaa vya kazi, au anamtumikia yeye pekee. Jina lililoandikwa juu ya mkataba si neno la mwisho.

Tofauti hii ina uzito, kwani mwajiriwa ana haki ya likizo, ya kupewa notisi na ya kutoachishwa kazi bila sababu ya haki. Anayepinga kuachishwa hutakiwa kufungua shauri mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Kwa migogoro mingine ya kikazi, muda ni siku 60.

Mambo ya kukagua

Kabla ya saini, msomaji wa mkataba atafute majibu ya maswali haya:

1. Ni kazi gani hasa, kwa kiasi gani, na itakabidhiwa lini?
2. Malipo ni kiasi gani, yatalipwa kwa awamu zipi, na yakichelewa itakuwaje?
3. Mteja akitaka mabadiliko baada ya kazi kuanza, nani atagharamia?
4. Nani atamiliki kazi ikikamilika, na kwa muda gani?
5. Kila upande unaweza kuvunja mkataba kwa njia gani?
6. Mgogoro ukitokea, utasuluhishwa wapi?

Swali lisilo na jibu ndani ya mkataba liulizwe, na jibu lake liandikwe. Kila upande ubaki na nakala yenye saini zote. Mkataba unaotozwa ushuru wa stempu ulipiwe mapema, kwa kuwa bila stempu huweza kukataliwa mahakamani kama ushahidi. Na asiyelipwa asikae akingoja tu: madai yatokanayo na mkataba kwa kawaida hupokewa mahakamani ndani ya miaka sita, baada ya hapo mlango hufungwa.

Pa kupata msaada

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatoa nafasi kwa mwananchi asiye na uwezo kupata msaada bila malipo, na inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi katika jamii. Mwananchi asiyejua pa kuanzia afike kwa Mtendaji wa Kata au Ofisi ya Maendeleo ya Jamii aelekezwe. Masuala ya hakimiliki hupelekwa COSOTA, majina ya biashara husajiliwa BRELA, na namba ya mlipakodi hutolewa na TRA.

Anapokwenda kuomba ushauri, achukue mkataba wenyewe, ujumbe wote na risiti. Na ikiwezekana, aende wakati ukurasa wa mwisho ungali mtupu, kwani ushauri unaotolewa kabla ya saini hugharimu siku moja tu ya kusubiri.