Mashini ndogo kwa biashara ndogo: kabla hujatoa dola zako

Tangu nimalize masomo kuna swali moja linanifuata kila mahali, kanisani, kwenye kilio, hata nikiwa nyuma ya motari: "Wewe ulisoma mambo ya kompyuta, ninunue mashini gani kwa kazi yangu?" Juzi aliyeniuliza ni mama mmoja mwenye depo ya mchele na unga pale Mulongwe. Alikuwa na dola 300 mkononi, na tayari alishaonyeshwa mashini kubwa ya inchi 17, inang'aa, na kibandiko cha Core i7 juu yake. Nikamwambia: mama, subiri kwanza. Niliyomweleza nayaandika hapa, ili kesho mutu akiniuliza nimtumie tu.

Kwanza nilitaka kujua mashini itafanya nini. Akanionyesha kaye tatu. Moja ya mzigo unaoingia, moja ya mauzo, na ya tatu, ile nene, ya madeni. Anauza kwa faranga na kwa dola, na kiwango cha kubadilisha hakilali pale kilipoamkia. Lakini ya madeni ndiyo inamnyima usingizi, kwa sababu ile ya zamani ilikwenda na maji. Munakumbuka usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipotoka njia yake na kubeba nyumba na watu. Yeye alitoka salama na watoto wake, akamshukuru Mungu. Kaye ilibaki ndani. Wiki zilizofuata, ni wadeni wachache sana waliokuja wenyewe kusema "mama, mimi nilikuwa na deni kwako."

Basi kazi yake ni meza za Excel, fakture chache, na barua na wauzaji wa Bujumbura. Kazi hiyo haiombi Core i7. Inaomba mashini ambayo itawaka kila siku, na ambayo jioni itaingia ndani ya mkoba aende nayo nyumbani. (Na kama wewe unauza vitu vitano tu, wateja wanakulipa kwa M-Pesa au Airtel Money, simu yako inatosha. Usinunue kitu, ongeza mzigo.)

Sasa tuingie kwenye umeme, maana hapo ndipo wengi wetu tunakosea. Umeme wetu ni wa mto Ruzizi. Ruzizi I ilianza mwaka 1958, Ruzizi II mwaka 1989, na hii ya pili tunaigawana na Rwanda na Burundi. Mitambo ni ya zamani, watu wameongezeka, na matokeo yake munayajua nyumbani kwenu. Kwa hiyo bei ya mashini si zile dola unazomhesabia muuzaji peke yake. Kila siku utailisha, kwa umeme wa SNEL ukiwepo, kwa grupu, au kwa paneli ya jua.

Chukueni betri ya kawaida ya paneli, ya volti 12 na ampea-saa 50. Ukizidisha unapata wati-saa 600. Lakini betri za risasi hazipendi kukaushwa. Ukitaka ikae miaka, tumia nusu tu, yaani 300. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake inakula kama wati 100, basi betri ile itaibeba saa 3, na chini ya hapo ukihesabu kinachopotea kwenye konvertisa. Mashini ndogo ya inchi 12 au 13, ukiandika na kujaza Excel tu, inakula wati kama 10. Betri ileile, mahesabu yaleyale: karibu saa 30. Ile ya inchi 17 iko katikati, na kama ina kadi ya michezo ndani, inasogea upande wa kompyuta ya mezani. Mama aliposikia hivyo akaniuliza, "Kumbe ile ilikuwa inataka kunilia paneli yangu?" Ndiyo, mama.

Kitu kingine kinachosaidia hapa ni tundu la USB-C. Mashini ndogo nyingi za kazi za kuanzia mwaka 2018 hivi zinakubali kuchajiwa kupitia tundu hilo. Maana yake unaweza kununua chaja ya gari ya USB-C ya wati 45 au 65, ukaiunga moja kwa moja kwenye betri ya volti 12 bila kupitia konvertisa. Konvertisa inakula umeme hata wakati mashini imelala. Ila chaja ya simu ya wati 18 usiitegemee. Mashini nyingi zitaikataa, au zitachaji polepole mpaka uchoke.

Bon, mashini gani sasa? Kwa dola 300 utaona mbili za namna tofauti kabisa. Ya kwanza ni mpya, nyepesi, ndani ya karatoni, na muuzaji atakuambia "hii ni zero, haijaguswa". Angalia karatasi yake: kumbukumbu ya giga 4, na hifadhi ya giga 64 iliyochomelewa kwenye ubao wake. Windows 11 peke yake inaomba angalau hizo giga 64. Baada ya miezi michache ya kupokea mabadiliko ya programu, mashini inajaa, inakuwa mzito, na hakuna fundi wa kukuongezea. Mimi hiyo simshauri mutu, hata kama ni mpya.

Ya pili ni zile zilizokwisha tumika ofisini Ulaya au Marekani: Dell Latitude 7290, HP EliteBook 830 G5, na ndugu zao. Zimetumika, ndiyo, lakini zilijengwa kwa kazi. Hizo mbili fundi anaweza kuzifungua akabadilisha kumbukumbu, diski na betri. Lenovo ThinkPad X280 pia ni nzuri, ila kumbukumbu yake imechomelewa, basi chukua ile yenye giga 8 tangu mwanzo. Kwa zote: giga 8, diski ya SSD ya giga 256, na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi. Kizazi unakisoma kwenye namba: i5-8250U, ile 8 ya kwanza ndiyo kizazi. Si mambo ya kujivuna. Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka, kwa kawaida, kizazi cha 8 kwenda juu. Ukiwa na mashini ya nyuma ya hapo usiitupe. Weka Linux Mint na LibreOffice, ni bure, na fakture zitatoka vilevile.

Mbele ya muuzaji, usiangalie kioo tu. Fungua dirisha jeusi la amri, andika powercfg /batteryreport. Mashini inatengeneza ripoti na kukuambia imeiweka wapi. Ndani kuna namba mbili: Design Capacity, uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na Full Charge Capacity, uwezo ilionao leo. Kama ya kwanza ni 42,000 na ya pili 20,000, betri imebaki chini ya nusu. Si lazima ukimbie, lakini bei ya betri nyingine itoke kwenye bei ya mashini.

Halafu kuna hili ambalo mimi mwenyewe lilinipata, nikapoteza pesa ya miezi. Nilinunua mashini nzuri ya okazyo kutoka ng'ambo. Ikafanya kazi wiki mbili, nikaamua kuisafisha na kuanza upya. Nilipoiunga tu kwenye intaneti, likatokea jina la kampuni ya watu nisiowajua, likiomba akaunti na neno la siri la mfanyakazi wao. Mashini ilikuwa bado imeandikishwa kwa wenyewe. Muuzaji hakuwa anapokea simu tena. Siku hizi silipi kabla ya mashini kurudishwa mwanzo kabisa mbele yangu, ikiwa imeungwa na intaneti ya simu yangu. Inachukua saa nzima au zaidi, muuzaji atanuna. Anune.

Plagi na kibodi nazitaja kwa haraka. Mashini nyingi za Dubai na Kampala zinakuja na plagi ya miguu mitatu minene, isiyoingia kwenye ukuta wetu. Usiweke adapta legelege inayochemka. Waya ule unachomoka kwenye chaja, nunua waya tu. Kibodi za QWERTY hazina é na ç, lakini unaweza kubadilisha mpangilio kuwa wa Kifaransa na kubandika herufi juu.

Mama alichukua Latitude 7290, dola 230 baada ya kubishana. Betri yake ilikuwa imebaki asilimia 61, kwa hiyo dola 70 zilizobaki tumezigawa: chaja ya gari, fulashi mbili, na nyingine anaziweka kwa ajili ya betri. Fulashi moja inabaki dukani, ya pili inalala kwa dada yake kule juu, mbali na mto. Kila Jumamosi wanabadilishana. Kaye ya madeni bado anaiandika kwa mkono pia, na sijamkataza.