Rezini ya mabwawa: hasara huanzia njiani Muyinga

Bwawa la kuogelea la faiba nyumbani likichakaa, hupauka, hutoka malengelenge na kukwaruza miguu. Fundi hulimwaga maji, hulikausha, hulipiga msasa, kisha hulipaka tabaka jipya la rezini.

Rezini inayotoka Tanzania kupitia Kobero hupita Muyinga na Karuzi kabla ya kufika Gitega. Ikipigwa na jua njiani huweza kuganda ndani ya ndoo, na mfanyabiashara akabaki na jiwe. Ifunikwe vizuri. Dawa ya kuigandisha isafirishwe mbali nayo, kwani huweza kuwaka moto.

Mpakani, cheti rahisi cha uasili wa bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, cha mzigo usiozidi dola 2,000, hakifai kwa rezini iliyotengenezwa nje ya Jumuiya. Ushuru uhesabiwe mapema kwenye bei.

Wakati mzuri wa kuuza ni kiangazi, Juni hadi Septemba. Wakati wa mvua, bwawa likiwa tupu, maji ya ardhini huweza kulinyanyua na kulipasua. Mteja asipoambiwa hilo, atamlaumu aliyemuuzia rezini.