Unameza dawa ya presha? Uliza kabla ya kununua dawa ya maumivu

Mgongo unapouma baada ya kazi ya shamba, wengi hupitia dukani au kwa kemisti kununua vidonge viwili vya maumivu. Kwa mgonjwa wa presha au moyo anayetumia dawa ya kupunguza maji mwilini, ile inayomfanya aende haja ndogo mara kwa mara, aina ya kidonge anachopewa ni jambo la kuzingatia.

Dawa hizo za maji, kama haidroklorothiazidi (HCTZ) na furosemidi (Lasix), husaidia figo kutoa chumvi na maji ya ziada. Ibuprofeni (Brufen), diklofenaki na aspirini ya maumivu hufanya kinyume: chumvi na maji hubaki mwilini, presha hupanda na miguu huweza kuvimba. Pia hupunguza damu inayofika kwenye figo.

Hatari huwa kubwa zaidi kwa wazee, wenye ugonjwa wa figo, waliopoteza maji kwa kuhara au kutapika, na wanaotumia pia enalaprili au losartani. Figo zinaweza kushindwa kufanya kazi ghafla.

Kwa wagonjwa wengi, parasetamoli (Panadol) ndiyo salama zaidi. Mtu mzima humeza kidonge 1 au 2 vya miligramu 500, husubiri angalau saa 4, na havuki vidonge 8 kwa saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe nyingi aulize kwanza. Ile ya kuyeyusha majini yenye povu ina chumvi nyingi, hivyo iepukwe.

Wakazi wanashauriwa:

- Wabebe dawa zao zote, au kadi ya kliniki, wanapoenda kwa kemisti.
- Wasikubali vidonge visivyo na jina.
- Wasome pakiti za dawa za mafua. Nyingi zina dawa ya maumivu ndani.
- Wasiache dawa ya presha, wala aspirini ndogo waliyoandikiwa na daktari, bila kushauriwa.

Mgonjwa akiona mkojo umepungua, miguu imevimba, uzito umepanda kwa siku chache au anakosa pumzi, aende mara moja kwenye kituo cha afya kilicho karibu, akiwa na dawa alizomeza.