"Leo" ya nani? Kiungo na nakala katika video za Goma

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, watu wengi wa Goma walitoa simu wakarekodi. Katika video kama hizo mtu husema "moto iko inakuja huku" au "leo tunakimbia". Ninaandika tasnifu juu ya Kiswahili cha mji huu, na video hizo ni data yangu. Je, nitoe kiungo tu, au nipakue video na kuzikusanya?

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya imetofautisha mambo hayo mawili. Katika kesi ya Svensson (2014) ilisema kwamba kuweka kiungo cha kazi iliyo wazi mtandaoni hakuhitaji idhini mpya. Katika kesi ya Renckhoff (2018) ilisema kwamba kunakili picha na kuipandisha kwenye tovuti nyingine kunahitaji idhini. Hukumu hizo hazitufungi sisi. Sheria yetu ya haki za mtunzi, nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, ilitungwa kabla ya mambo haya.

Isimu nayo ina la kusema. Maneno "huku", "hapa" na "leo" hupata maana kutokana na mahali na wakati wa msemaji. Kiungo hutupeleka penye tarehe na maelezo ya aliyerusha video. Nakala inayozunguka WhatsApp huyaacha nyuma. Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu. Mwaka 2021 ilisimama Buhene, pembezoni. Mama wa Himbi akipokea usiku huo nakala ya 2002 isiyo na tarehe, "leo" ya zamani inakuwa leo yake, naye anabeba watoto na kukimbia.

Lakini kiungo nacho hufa. Baadhi ya nilivyoandika daftarini havifunguki tena: nimebaki na sentensi, kiimbo kimepotea.

Kwa hiyo mimi ninakusanya, ila kila nakala ninaiambatanisha na kiungo chake, tarehe na mahali. Anayepatikana ninamwomba idhini, na sura za wanaokimbia sizionyeshi. Nakala isiyojulikana "leo" yake ni ya lini, siiingizi katika data.